Mwisho Usio na Picha

Mama alikuwa anaondoka Jumamosi na mimi nilikuwa nimeishiwa mbinu za kumfurahisha, ndiyo maana nikanunua tiketi mbili za sinema. Muda wote aliokuwa kwangu Kingstanding, huku ughaibuni, alikaa dirishani na kitenge mabegani, akitazama nyumba za ng'ambo ambazo zote zinafanana. Kila niliporudi kazini alinipa habari za kaka yangu. Kaka alifariki mwaka jana, lakini ndani ya nyumba yangu alitajwa kuanzia uji wa asubuhi. Hiki angekipenda. Kile angekicheka. Angewashangaa wanaume wazima wanaovaa kaptula kwenye baridi hii. Mimi nilisikiliza huku nakoroga sufuria. Sitaficha, nilichoka kumsikia marehemu akisifiwa na mtu ambaye ni mimi ninayemvalisha soksi.

Nilitaka kitu kimoja tu kabla hajapanda ndege. Nilitaka mama aseme, kwa namna yoyote ile atakayoweza, kwamba alizaa watoto wawili.

Kwetu Morogoro kaka hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa na kibanda umiza cha kuonyeshea sinema: mabati, mabenchi, televisheni moja na deki iliyokuwa ikipata joto mpaka inapepewa kwa kipande cha boksi. Mikanda ya Kichina ilikuja bila maandishi yoyote ambayo tungeweza kuyasoma, na Kichina hakuna aliyekijua, kaka akiwemo. Basi alishika maiki, akasimama kando ya televisheni, akatutafsiria. Alimtafsiri steringi, akamtafsiri adui, farasi akilia naye alitafsiriwa. Watu walitoka vibanda vingine vyenye televisheni kubwa zaidi wakaja kubanana kwake, kwa ajili ya mdomo wake.

Mkanda uliojaza kibanda kuliko yote ulikuwa ule wa kijana mvushaji aliyeficha upanga ndani ya kasia. Ulikuwa mfululizo mrefu. Kijana anamwacha mama yake kwenye nyumba ya wageni kando ya mto, anapanda mlimani kumtafuta mwalimu atakayemfundisha kulipa kisasi cha baba yake. Nyumbani anabaki dada yake, na dada huyo kaka alimpenda mno. Kila alipopita kwa nyuma na ndoo au ufagio, kaka alishusha sauti kwenye maiki: "Dada huyo. Amechoka, lakini hakai." Na kibanda kizima kilijibu kwa pamoja, "Akae, bwana!" Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la karanga, nacheka nao. Nilimpenda yule dada kuliko steringi mwenyewe.

Mkanda wa mwisho haukufika mjini. Hadithi ilikatikia pale kijana anaposimama mbele ya lango la kwao, mvua inamnyeshea, kisha televisheni ikajaa chenga. Watu wakaanza kupiga mabenchi, wengine wanadai hela zao. Kaka hakuzima. Akaendelea kutafsiri zile chenga kana kwamba hajaona tofauti. Lango likafunguliwa, kijana akaingia, akanawa mikono, mama yake akampakulia, akala. Mabenchi yakanyamaza. Mwishoni watu waliipigia makofi televisheni isiyokuwa na kitu, wakaenda kulala wameshiba. Nami niliuona mwisho ule kwa macho yangu. Nakumbuka hata bakuli alilolia, la bluu, lina ufa pembeni. Ningeapa mahakamani.

Mama hakuona picha hata moja. Alikuwa nyuma ya mabati, anakaanga karanga zangu za kuuza, anasikia sauti ya mwanawe tu.

Sasa miaka yote hiyo imepita, nasubiri basi Newtown nikitoka kazini, naona tangazo la filamu kwenye kituo: kijana, kofia ya majani, kasia begani. Nilisimama pale mpaka basi likanipita. Kesho yake nikamweleza mwenzangu kazini, mama mmoja mwenye asili ya Kichina aliyekulia Malaysia, ambaye tunaogesha naye wazee asubuhi. Alicheka. Hicho ni kitabu, akaniambia, bibi yake alikisoma mpaka jalada likabanduka, na kwao hakuna mtoto asiyekijua. Mimi sikujua kama kuna kitabu. Nilidhani ile ni hadithi ya kaka.

Tulikwenda Alhamisi mchana. Nilikuwa nimeamka kabla ya jua, nimegeuza watu vitandani, nimelisha, nimefuta, nimejaza fomu, na sare yangu ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki inanuka dawa. Mama alivaa kama anakwenda ibadani, kilemba na gauni la kitambaa kizito, juu yake koti langu kubwa. Kwenye basi nililala. Alinifinya tulipofika.

Ndani kulikuwa na watu wachache, kila mmoja na mstari wake wa viti. Filamu ilikuwa ya Kichina kitupu, maneno ya Kiingereza yanapita chini.

"Tafsiri," mama akasema.

"Mama, huku watu hawaongei kwenye sinema."

"Kwa hiyo nimekuja kuangalia midomo?"

Nikamsogelea sikioni nikaanza. Macho yangu yalikuwa mazito, maneno yanapita mbio, na mimi si kaka. Kijana aliongea na mama yake kirefu, machozi yanamtoka, na nilichoambulia kilikuwa kifupi.

"Anasema ataondoka."

"Maneno yote yale, ataondoka tu?"

"Ataondoka kesho."

"Mh. Kaka yako angesema vizuri zaidi."

Ilinichoma. Nimetumia mchana wangu wa kupumzika, nimenunua bisi ambazo hazili, nimekaa gizani natafsiri lugha kwa lugha kama mjinga, na bado nalinganishwa na mtu aliyekuwa akitunga. Nikaapa moyoni kwamba nitamwambia kilichoandikwa, hicho hicho, bila chumvi.

Wakati huo huo nilikuwa namsubiri dada. Nyumba ya wageni ilikuwepo, mto upo, mama wa kijana yupo na nywele zake nyeupe. Dada hayupo. Kijana akapanda mlimani, akapigwa, akajifunza, akashuka, na hakuna hata siku moja aliposema ana dada. Mara moja tu mwanamke fulani alipita kwa nyuma na ndoo mbili. Uso wake haukuonekana vizuri.

Mama akanigusa. "Ndiye dada?"

"Ni mtumishi, mama. Hana hata jina."

Mama akarudisha macho kwenye kioo. Steringi na adui walipoanza kurukiana juu ya mapaa ya nyumba, mimi nikasinzia. Nilizinduliwa na mvua. Kijana alikuwa amesimama mbele ya lango la kwao, ndevu zimeota, kasia mkononi. Usingizi ukaniruka. Nikalisubiri bakuli langu la bluu.

Aliliegemeza kasia kwenye lango. Akasema maneno machache, akageuka, akaifuata barabara aliyojia, na kioo kikawa cheusi. Majina yakaanza kupanda.

"Amesemaje?"

Hata nguvu ya kudanganya sikuwa nayo. "Amesema mama yake aambiwe kwamba alipita."

"Hakuingia?"

"Hakuingia. Ndiyo imeisha."

Nikasimama. Nilikusanya koti lake, koti langu, mkoba wake, mfuko wa sare, bisi. Watu wachache waliokuwemo walikuwa wameshatoka, na mwanamke wa usafi ameingia na ufagio na kizoleo chake, anatutazama kwa adabu. Kichwani nilikuwa na foleni ya kurudi, chakula cha jioni, mizigo ya mama isiyofungwa. Na nilikuwa na huzuni ya kitoto kabisa, kwamba bakuli halikuwepo. Halikuwahi kuwepo.

Mama hakunyanyuka. Alikuwa anatazama kile kioo cheusi na majina yanavyopanda.

"Hapa ndipo kaka yako alipoanzia," akasema.

Kisha akaanza. Hakupaza sauti, lakini ilikuwa sauti ya maiki, ile ya kuvuta maneno, sikujua kama anayo.

"Watazamaji mliokaa na mliosimama, msiondoke. Lango linafunguliwa. Anayelifungua ni nani? Ni dada. Ana ufagio mkononi, amechoka, lakini hakai. Kijana hamwendei mama kwanza. Mama anaita kule ndani, yeye hamwendei. Anauchukua ule ufagio mkononi mwa dada yake, anauweka chini. Anamwambia, dada, kaa."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Bakuli nililikumbuka na ufa wake, maji ya kunawa niliyakumbuka, ila hilo lilikuwa limenitoka kabisa.

"Mama," nikasema, "kwenye hadithi hakuna dada. Nimetazama mwanzo mpaka mwisho."

"Ulisinzia."

"Kabla ya kusinzia nilitazama. Hayumo. Hata kwenye kitabu, nadhani hayumo."

"Najua hayumo. Kaka yako aliniambia siku nyingi." Alinitazama kama ninavyotazamwa na wazee wangu kazini ninapowauliza jambo la wazi. "Ulikuwa mlangoni na sinia langu tangu mchana mpaka wanafunga. Nikamwambia, mkalishe mwenzio japo kwenye pembe ya benchi. Akasema benchi ni la wateja, mama, lakini nitajua pa kumweka. Alikuwa anamtazama nani akisema dada amechoka? Watu walikuwa wanamwambia nani akae? Mtaa mzima ulijua, isipokuwa wewe."

Nilimlilia kaka pale pale, nimekumbatia makoti. Alipofariki pasi yangu ya kusafiria ilikuwa imeshikiliwa kwa ajili ya kibali cha kuishi huku, sikusafiri, na tangu siku hiyo sikuwa nimelia hata mara moja. Nilikuwa nakwenda kazini tu.

Mama alisubiri mpaka nikapenga kamasi.

"Nilizaa wawili," akasema. "Mmoja wa kuongea na mmoja wa kusimama. Wa kuongea nimemzika. Wewe kila nikikutazama uko mbioni, nitakwambia nini? Nakutajia mwenzio labda utakaa umsikilize."

Yule mwanamke wa usafi akatuinulia mkono kwamba tusijali, akaenda kuanzia mstari wa nyuma kabisa. Majina yalikuwa bado yanapanda, ya Kichina, marefu, hakuna hata moja nililoweza kulisoma. Mama akanyoosha mkono, akautoa mfuko wa sare kwenye vidole vyangu, akauweka chini.

"Kaa, mwanangu," akasema.

Nikakaa.