Sahihi ya Tano

Mama yangu anachechemea mguu wa kulia. Majirani zake Vitongoji wanasema ni kudra, naye huitikia hivyo hivyo, kwa kuwa hapendi maneno mengi. Mimi najua kuwa nilikuwa na mkono wangu katika jambo lile, na mkono wenyewe ulikuwa umevaa jina la mwanamme.

Nafanya kazi Chake Chake, katika duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Wanaume huingia na karatasi zao, wakanitazama nimekaa mbele ya kompyuta, wakauliza, "Mchapaji yuko wapi?" Nimeulizwa hivyo mpaka nimechoka kukasirika. Tena kisiwa chetu cha Pemba kina ada yake: huwezi kununua hata fungu la muhogo bila ya kuulizwa wewe mtoto wa nani. Ukishajibu, umeshapimwa. Kwa hivyo nilipoingia katika kundi moja la kwenye simu, ambako kumuuliza mwenzako yeye ni nani kulikuwa ni kosa la kufukuzwa, nilipumua.

Tulikuwa tisa. Kazi yetu ilikuwa kuchanga sarafu za mtandaoni na kuzitia katika miradi michanga, ile inayotafuta wa kuiamini kabla haijawa na kitu cha kuonyesha. Hapakuwa na ofisi wala katiba, na hakuna aliyeijua sura ya mwenzake. Kila mtu alikuwa na jina la kujipachika; langu lilikuwa la kiume. Fedha zilikaa katika pochi moja ya pamoja, na pochi hiyo haikufunguka mpaka watano kati yetu waweke sahihi zao kwenye simu. Siku ya kwanza mtu aliniandikia, "Karibu, kaka." Sikumsahihisha. Mwingine akadhani nafanya kazi Uarabuni, sijui kwa nini. Huyo naye nikamwacha na dhana yake.

Nisidanganye, nilipata heshima kule. Miaka ya kuchapa mikataba ya watu imenifundisha kusoma mpaka mstari wa mwisho, na wenzangu wakawa hawaweki sahihi kabla sijasoma mimi. "Kaka, wewe ndiye macho yetu," aliniandikia mmoja, yule aliyekuwa akituletea miradi mingi. Maneno hayo niliyarudia moyoni siku nzima huku nikipanga karatasi dukani, nacheka peke yangu.

Basi siku moja huyo huyo akaleta mradi wa mwani. Waraka wa kurasa thelathini, wenye picha za wanawake wanaotabasamu mpaka magego. Wakulima wa pwani ya mashariki ya Pemba watapimiwa mwani wao mbichi, pale pale unapotoka majini, kwa mzani unaowasiliana na simu, na watalipwa papo hapo kwa sarafu mpya ya mradi. Kila Jumatatu, saa nne asubuhi. Atakayekosa Jumatatu mbili atapoteza nafasi yake. Ukurasa wa kumi na tisa uliitaja Vitongoji.

Nilicheka kwanza, halafu nikaingiwa na baridi. Mwani haujui Jumatatu. Huvunwa wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na mtu akafanya kazi yake akiwa amelowa magoti tu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Baina yake ni siku za maji mafu, na hapo saa nne asubuhi bahari imejaa, anayetaka kuzifikia kamba alizofungia mwani wake aingie mpaka kifuani. Kwetu hilo linajulikana hata na mtoto wa chekechea. Nadhani wale walioandika waraka walifika mara moja tu, ikasadifu Jumatatu ya bamvua, wakaona maji yametoka, wakaandika.

Nikaandika kundini, "Ratiba hii haiwezekani. Jumatatu nyingine maji hayatakuwa yametoka."

Mleta mradi akanijibu kwa upole. "Kaka, umejuaje, na wewe uko huko mbali? Wenzako wamefika, wamepiga na picha."

Wengine wakaweka vicheko. Nikaandika: Mama yangu analima mwani huko. Nikayatazama maneno yale. Nikiyatuma, kaka ameondoka, na anayebaki ni binti wa mkulima wa mwani kutoka Pemba, wa kuulizwa habari za mwani na basi. Nikayafuta. Safari hii hawakuningoja: sahihi nne zilikuwa zimeshaingia. Nikaweka ya tano, ili nisiulizwe zaidi.

Nilijiambia kuwa mradi hautafika popote, kwani mingi haifiki. Huu ulifika, na gari na mzani na fulana za bure. Mama akajiandikisha, maana wanunuzi wa siku zote walikuwa wakimpa bei ya dhihaka. Nikaenda kumkataza.

"Usijiunge nao, mama."

"Kwani weye wawajua?"

"Siwajui."

"Basi niache mie na mwani wangu."

Jumatatu ya kwanza ilikuwa bamvua, kila mtu akafurahi. Ya pili maji mafu, mama akaikosa. Ya tatu bamvua tena. Ya nne maji yalikuwa mafu, na mama hakuwa na Jumatatu nyingine ya kukosa. Akaingia mpaka kifuani, pahala asipoona chini, akamkanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Mwiba ulikatikia ndani ya mguu.

Kule kundini wiki ile ile mleta mradi alituandikia kuwa mavuno ni haba. "Tatizo la wakulima hawa ni kukosa nidhamu ya muda," alisema. Nilikasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo haikuwa juu yake. Nilitoka kundini bila ya kuaga. Hakuna aliyejua ni nani aliyetoka.

Ijumaa nilikwenda Vitongoji. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umevimba, nami nimechuchumaa mbele yake namkanda kwa maji ya moto ndani ya beseni.

"Hao walotoa pesa zao," alisema, "ati hawakuwa na hata mtu mmoja wa kumuuliza maji yatoka lini?"

"Walikuwa naye, mama. Ni mie."

Nikamweleza yote, tangu kundi na jina la kiume mpaka yale maneno niliyoyafuta na sahihi niliyoiweka.

"Kwa hivyo ulinionea haya," alisema.

Mama akautoa mguu ndani ya beseni, maji yakiwa bado ya moto, akaupangusa mwenyewe kwa upindo wa kanga yake.