Jogoo wa Polisi

Pikipiki ya kaka yangu iliibwa Hale. Ndiyo iliyokuwa ikitulisha nyumbani. Kaka alimwona mwizi usoni na kumtambua, lakini kwenda kituoni hakutaka. "Ukienda kusema, unaanza kuulizwa wewe," aliniambia. Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Polisi wa kata, aliyehamia kwetu mwaka huo, alisalimiwa kwa mbali tu.

Kisha bibi yetu akafariki. Sisi ni Wazigua, na msiba usio na mtani huwa mzito. Wanyamwezi ni watani wetu. Siku ya msiba wana ruhusa ya kututukana ili tucheke. Lakini jirani yetu Mnyamwezi alikuwa amehama, kwa hiyo kaburi tulilichimba kimya, nyuma ya migomba.

Tulipokaribia kumaliza, yule polisi akaja, amevaa kanzu. Watu wakasogea pembeni. Kaka akainamisha uso. Polisi akavua viatu, akarukia ndani ya kaburi, akaketi.

"Hazikwi mtu hapa! Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Huyu bibi alikuwa mke wangu, na ninyi walaji wa bada, ugali wenu wa muhogo, hamkunipa hata habari. Sitoki bila jogoo!"

Mimi niliogopa. Halafu baba mdogo akatupa jembe chini.

"Toka, mla michembe wewe, mtafuna viazi vikavu! Jogoo tukupe, meno unayo?"

"Ninayo. Ninyi ndio mlioyasahau, bada inateleza yenyewe!"

Watu walicheka huku wakifuta machozi. Kaka, mjukuu mkubwa, ndiye aliyekimbia nyumbani kumkamata jogoo. Alipomkabidhi, alimpa na mkono ili atoke shimoni. Mkono ule hakuuachia upesi.

"Mtani," akasema polepole, "kuna jambo la pikipiki."

"Tumzike mke wangu kwanza, mjukuu. Kesho twende wote. Nitakaa nawe mpaka umalize."

Kesho yake niliwafuata kituoni. Mtani alikaa na kaka benchi moja, upande wetu wa kaunta. Kaka alianza, akakwama, akaanza tena. Jina la mwizi alilitamka wazi, hata mimi mlangoni nikalisikia.

Pikipiki ilikuja kuonekana Masuguru, imevuliwa vioo. Mtani aliileta mwenyewe, akipiga honi tangu mbali.