Mhadhiri Kibarua Akataa Kumfuta Budha

Saa mbili asubuhi, mhadhiri wa muda anafundisha chini ya ngazi za chuo. Chumba chake wamepewa watu wa kozi inayoingiza fedha zaidi, na yeye hakuambiwa. Ubao ameuegemeza kwenye ndoo ya kudekia. Watu wakishuka, ananyamaza mpaka viatu vipite.

"Mtawala anaona wezi wamejaa barabarani," anawauliza wanafunzi. "Afanyeje?"

"Aongeze polisi," anajibu mmoja.

"Haya. Sasa weka upande wa pili."

Ndiyo maana wanamwita Mama Mizani. Kozi yake inalinganisha fikra za kisiasa za Kibudha na uhalisia wa kisiasa wa Magharibi. Wahalisia, anaeleza, wanaona dola dhaifu huliwa, hivyo amani ni kupimana ubavu. Wabudha nao wanaona mtawala anayewaacha watu katika ufukara ameupanda wizi mwenyewe. Awape mbegu na mtaji kabla ya pingu.

"Wote wanajua binadamu ana uchu," anasema. "Mmoja anasema ufungwe kamba, mwingine anasema unatibika. Utachaguaje kama umemsikia mmoja tu?"

Swali hilo limemponza. Wiki iliyopita mkuu wa idara alimwamuru afute nusu ya Kibudha, la sivyo mkataba hauongezwi.

"Budha hana jeshi, mwalimu," alimwambia. "Tufundishe mambo ya kweli."

Hakumuuliza mwanafunzi hata mmoja. Huo ni ubabe uliovaa tai, na hakuna sababu ya kuupaka sukari.

Mama Mizani analipwa kwa saa anazosimama darasani tu. Kusahihisha mitihani ni sadaka. Miaka tisa sasa anapewa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Anaishi kwa dada yake, fundi cherehani, ambaye naye ana lake la kusema.

"Mdogo wangu, funika kombe mwanaharamu apite. Huyo Budha atakulipia kodi?"

"Hatalipa, dada. Lakini nikifuta hili leo, kesho nitaambiwa nifute nini?"

Hasira anayo na haifichi. "Wabudha wanaiita sumu. Nimeinywa wiki nzima, hata usingizi sipati."

Juzi aliwatafuta vibarua wenzake saba, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Wamekubaliana kwamba Jumatatu hakuna atakayetia saini mkataba mpya mpaka kozi iachwe nzima. Bila wao, mwaka wa kwanza hauna walimu.

"Hapo wahalisia wangetupigia makofi," anasema.

Mmoja wao alitaka pia wasambaze umbea wa nyumbani kwa mkuu. Mama Mizani alimkatalia palepale.

"Tunataka kozi. Hatutaki roho yake."

Na mkuu akigoma? Anafuta ubao kwa kiganja, taratibu.

"Nitakuwa sina kazi, na dada atanisema mpaka nizeeke. Ila tukishinda, mwanafunzi wa kwanza nitakayemwalika ni mkuu mwenyewe. Nitamwekea kiti cha mbele, asikie upande wa pili."