Maswali Niliyoyaruka

Baba yangu, mzee Audax, alikuwa karani wa ghala la saruji kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu tukahamia Kibamba, na starehe yake ikabaki moja: chemshabongo ya gazeti la Jumapili. Macho yalipofifia nikawa namsomea maswali, yeye anataja jibu, mimi najaza vyumba.

Baada ya Pasaka hospitali ilituruhusu turudi naye nyumbani. Ini lilikuwa limeharibika. Kaka yangu Gaudens alinivuta pembeni. "Mzee asiambiwe. Na padri asije na mafuta, akiyaona atajua anakufa." Kwetu ndivyo tulivyozoea, mpako wa wagonjwa huitiwa mtu akishakata kauli. Nikakubali.

Wiki tatu zilipita. Alhamisi moja nilikuwa namsomea, nikafika saba kushuka: "Ishiwa nguvu, herufi tano." Nikairuka. Mbele kidogo, kumi na moja kulia: "Fika mwisho, herufi nne." Hiyo nayo nikaipita.

"Jovina, umeruka," Baba akasema.

"Sijaruka, Baba."

"Mwanangu, mie nimehesabu mifuko ya saruji maisha yangu yote. Madereva wameshindwa kuniibia hata mmoja, utaweza wewe? Saba iko wapi?"

Nikarudi juu, nikaisoma.

"Choka. Andika. Na kumi na moja?"

Nikasoma.

"Koma. Inaingia?"

"Inaingia, Baba."

Kisha akasema, "Nyie mnanificha ugonjwa ulio tumboni mwangu mwenyewe. Haya, huo ficheni. Padri je, mmemficha wapi?"

Nilimweleza maneno ya Gaudens. Hakukasirika. "Siogopi mafuta," alisema. "Kuna jambo la zamani nataka kuliungama. Siwezi kukwambia wewe, wala huyo kaka yako. Niitie padri."

Nilikwenda parokiani jioni ile ile. Paroko alikuwa kwenye mafungo ya mapadri Bagamoyo, msaidizi wake alikuwa msibani Morogoro. Katekista aliwapigia simu wote wawili; ya paroko ilikuwa imezimwa. Msaidizi akasema angegeuza gari asubuhi akishazika.

Usiku ule Baba alianza kuweweseka. Ijumaa alfajiri hakuitika tena nilipomwita. Padri alifika saa tisa mchana, viatu vikiwa bado na udongo wa makaburini. Alimpaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani, akamwombea ondoleo la dhambi. Baba hakufumbua macho. Alifariki kabla ya kengele ya jioni.

Padri ameniambia kwamba Mungu hupokea hata toba ambayo ulimi umeshindwa kuitamka. Namwamini, na kila asubuhi namwombea Baba rozari nzima. Lakini jambo lile alikwenda nalo, na kanisa letu liko mtaa wa pili tu. Wiki tatu nzima padri alikuwepo.