Nilimwambia Mume Wangu Paka Hawaruhusiwi Kusafiri

Ndiyo admin, ni paka, hukusoma vibaya. Najua wapo watakaocheka, wacha wacheke, ila jina langu nakuomba ulifiche kama tulivyoongea, kwa sababu mume wangu naye hupita humu.

Nina miaka ishirini na sita, niliishia kidato cha nne, naishi Igogo hapa Mwanza. Nimeolewa mwaka huu na mtaani bado wananiita bibi harusi. Jamani, nimepata mume. Ni Mhaya mmoja mrefu, mpole, akicheka anafunika mdomo kama mtoto, na hadi leo akinipigia simu moyo unanidunda kana kwamba ndiyo kwanza ananitongoza. Baada ya harusi alitangulia nje ya nchi kikazi, na mimi namfuata. Viza imetoka, tiketi ipo, nasafiri mwanzoni mwa mwezi ujao. Furaha ninayo, tena nyingi, ila kila ikija inakuja na paka wawili.

Hao paka ni yeye aliyeniletea tukiwa wachumba. Alikwenda Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa, akarudi na boksi la viatu lenye vitoto viwili vya paka vinatetemeka. Akasema akiwa kazini hao wataniangalia kwa niaba yake. Tukawaita Sato na Furu, majina ya samaki wa ziwani kwetu. Baada ya harusi wakawa wanalala miguuni petu, wanakula dagaa wa kuchemshwa kwenye sahani yao, na mume wangu akazoea kuniita Mama Sato, mpaka mama mkwe aliposikia akaanza kunitazama tumbo.

Wakati anaondoka aliniomba jambo moja tu: niende kwa daktari wa mifugo niulize taratibu za kuwasafirisha. Sikwenda. Nilikuwa nimesikia watu wakisema mambo ya wanyama yana mlolongo, nikaona safari itachelewa, na mimi hata siku moja bila yeye naiona ndefu. Nikampigia nikamwambia nimeuliza, wamesema paka hawaruhusiwi kabisa. Akasema basi niwape mtu atakayewapenda. Hakunilaumu hata kidogo.

Nikawapeleka Nansio, kule kisiwani, kwa mama yangu mdogo, ndiye aliyenilea. Ana stoo ya mahindi na dagaa, panya walikuwa wamemchosha, akanishukuru sana. Niliwaweka kwenye kapu nikafunika na kitenge, tukavuka na kivuko. Furu alilia njia nzima. Sato alikaa kimya, ananitazama tu kupitia matundu ya kapu. Nilipowaacha sikugeuka nyuma.

Wiki iliyopita mama mdogo akanitumia picha, eti nione alivyo na mlinzi. Furu yuko katikati ya magunia, amefungwa kamba shingoni, kamba imefungwa kwenye mguu wa meza. Nikampigia, nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu kulikoni. Akanieleza kwamba paka mgeni hufungwa mpaka azoee. Sato alimwacha huru na usiku uleule akatoroka, jirani anadai humwona kule wanakoanika dagaa. Kuhusu Furu alicheka sana, akasema panya wakipita anawatazama kama anasubiri kutambulishwa. Nikamwomba amfungue.

Akaniambia, "Mwanangu, hata wewe nilipokuleta hapa mdogo nilikuwa nafunga mlango usikimbie kumfuata mama yako. Ulilia, ukazoea. Leo si umeolewa?"

Mama mdogo hana roho mbaya, paka wa stoo ndivyo wanavyofugwa. Mimi ndiye niliyempa paka wa kitandani nikanyamaza.

Haikuishia hapo. Juzi mume wangu alipiga simu ya video, ana furaha kama siku ya harusi. Akanionyesha mabakuli mawili madogo ya bluu, mapya. Kumbe mwenye nyumba wake naye anafuga paka, na kamweleza kwamba watu wanakuja nao kutoka nchi zao bila shida.

"Hao waliokujibu hawajui kazi yao," akasema. "Umeshawapa mtu? Kama umeshawapa kawachukue, mke wangu, tutaomba radhi."

Nikamdanganya tena. Nikasema wapo, wametoka kutembea kwa majirani. Akasema wakirudi niwabusu wote wawili, Sato aanze kwa sababu ana wivu. Nilikata simu nikalia mpaka mto ukalowa.

Jana ndiyo nimekwenda kwa daktari wa mifugo kwa mara ya kwanza. Inawezekana kweli, ila kuna chanjo na muda wa kusubiri, hivyo itanibidi nisogeze safari, na mume wangu lazima nimweleze kwa nini. Nikimweleza, atajua kwamba mwanamke anayemwita mke mwema alimdanganya hata kabla ndoa haijapoa. Nikinyamaza nikapanda ndege yangu, nitakuta yale mabakuli jikoni kwake na nitayaosha kila siku. Na mama mdogo nitamwambiaje kwamba nataka zawadi irudi, yeye aliyenipikia mpaka pilau la harusi?

Ndugu zangu mnaosoma, mlio kwenye ndoa hasa, nisemeni mkitaka lakini mnishauri. Nimwambie mume wangu sasa hivi kwenye simu, au nikishampata Sato? Mwenzenu namwogopa nimpendaye, na hajawahi hata kunifokea.

Mama mdogo nimeshampigia leo asubuhi. Nimemwambia kabla mwezi huu haujaisha nitavuka kwenda Nansio. Amefurahi, anadhani nakwenda kumuaga, ameshaanza kunitengea kuku. Mimi nakwenda na lile kapu.