Dada wa Zawadi Aliitikia Sala Yangu

Siku tapeli alipoitikia sala yangu kwenye simu, ndipo nilipojua hayuko Dar es Salaam.

Yuko hapa hapa kijijini. Pengine anaona moshi wa jiko langu.

Msicheke kwanza. Someni mpaka chini, halafu mcheke mkiweza.

Naitwa Benigna. Nakaa Muleba, upande wa Rubya. Zile meseji za "Hongera, umeshinda" zinaingia kwangu kama zinavyoingia kwenu. Nazifuta kama ninavyong'oa majani kwenye mibuni. Aliyewahi kunipa kitu cha bure duniani ni mama yangu, na hata yeye alikuwa ananituma maji kwanza.

Lakini ile iliyoingia kwa jirani yangu Agnetha ilikuwa na jina lake.

"HONGERA AGNETHA RWEGASIRA. Namba yako imeshinda PIKIPIKI mpya. Usimwambie mtu mpaka upigiwe na ofisi."

Agnetha ni mjane. Mume wake, Rwegasira, tumemzika mwaka wa sita sasa. Kibanja chake na changu vinapakana, katikati ni mstari wa milamula tu, ile miti ya mpakani. Yeye herufi zinamkimbia, kwa hiyo meseji alileta kwangu nimsomee.

"Ma Benigna, kama ni uongo, jina langu wamelijuaje?"

"Jina lako analijua kila aliyewahi kukuazima chumvi."

"Wewe una roho ya kukatisha watu tamaa."

"Ninayo. Futa hiyo takataka."

Hakufuta.

Akatuma pesa ya "fomu". Akatuma ya "bima". Yote pesa ya kahawa, aliyoianika na kuianua kwa mikono yake kila mvua ilipotishia.

Halafu akaambiwa aende Bukoba kupokea pikipiki yake.

Nilimsindikiza. Nilijua wakati wa kurudi atahitaji mtu wa kumshika mkono. Alivaa gomesi yake ya Pasaka, ile ya zambarau. Tukasimama karibu na stendi tangu saa tatu asubuhi. Kila pikipiki mpya iliyopita, Agnetha anaweka sawa mkanda wa gomesi.

Saa tisa simu ikaita.

"Mama yangu mpendwa, mzigo umekwama forodhani. Ni kodi tu, milioni mbili. Zikipita siku kumi anapewa mshindi mwingine. Jamani mi mwenyewe naumia."

Sauti ya msichana, huyo dada wa zawadi. Laini, ya mjini, imepakwa mafuta.

Nikaipokonya simu.

"Wewe, una mama?"

"Ninaye, bibi."

"Anajua unachokula?"

Akakata.

Kwenye basi la kurudi, tulipofika Kemondo, ndipo Agnetha akafungua mdomo.

"Nitauza kipande cha juu."

Mawe, mama yangu! Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto mgongoni.

Kipande cha juu ndicho kinachogusa barabara. Ndicho chenye mibuni mizuri. Na ndicho chenye kaburi la Rwegasira.

"Utauza na mifupa yake?"

"Nitakikomboa, pikipiki ikifika."

"Agnetha, hakuna pikipiki!"

"Wewe hujui shida yangu," akasema, akageukia dirishani.

Kwa kweli sikuijua. Nilidhani ni tamaa.

Sasa, kwetu kibanja cha ukoo hakiuzwi kwa mgeni kabla ndugu hawajakikataa. Unaanza na ndugu wa karibu. Na ndugu wa karibu alikuwa Datius, mdogo wake marehemu, kibanja chake kiko bondeni, chini ya kigango chetu.

Datius hakuhitaji hata siku moja ya kufikiri.

"Pesa ipo, shemeji. Ardhi ya kaka yangu isiende kwa watu baki."

Ipo? Datius huyu? Kwenye msiba wa kaka yake alileta mkungu mmoja wa ndizi, na upande mmoja ngedere walikuwa wameshakula!

Kikao cha kuandikiana kikapangwa Jumapili, baada ya misa. Nikaambiwa niwepo, kwa sababu jirani wa mpaka lazima asaini.

Nikakaa na hasira zangu. Mimi nikikasirika sipigi kelele. Nasubiri.

Alhamisi nilikuwa kwa Agnetha, namsaidia kuchagua maharage. Kuku wakavamia kahawa iliyoanikwa nyuma ya nyumba, Agnetha akatoka na fimbo. Simu yake ikabaki kwenye kigoda. Ikaita.

Nikapokea.

"Mama Agnetha, umefikia wapi jamani? Siku zinakwisha."

Ilikuwa saa sita kamili mchana.

Kigango chetu hakina kengele. Tuna rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na mpigaji ni Ta Kahangwa, mzee mwenye bega bovu. Anapiga mara tatu, anapumzika, halafu pale ambapo dunia nzima ya Wakatoliki inapiga tatu nyingine, yeye anapiga mbili. Bega linakataa. Padre alishachoka kumsahihisha.

Rimu ikalia.

Tatu. Kimya. Mbili.

Niliisikia kwa sikio la kushoto, kutoka nje.

Niliisikia tena kwa sikio la kulia, kutoka ndani ya simu.

Mnajua sisi na kengele ya saa sita: mwenye jembe anasimamisha jembe, mwenye ugomvi anameza tusi. Nikaanzisha Malaika wa Bwana, taratibu, kama ninavyowaanzishia watoto wa komunyo ya kwanza. Hao watoto nimewafundisha miaka ishirini na miwili.

Na dada wa zawadi akaitikia.

Naapa. Aliitikia mstari wa kwanza wote. Aliuvuta mwisho wake vile tunavyouvuta sisi kigangoni kwetu. Nikasema wa pili, akaanza kuitikia, halafu akajishtukia katikati.

"Bibi... mtandao unasumbua huku Dar."

Ningeweza kumtukana. Tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mtu akiingia mwenyewe kwenye mtego, humfukuzi kwa kelele. Nilikuwa najua yuko karibu na rimu. Sikujua ni nani, wala anakula na nani.

Nikajifanya bibi wa umbea.

"Binti yangu, nisamehe kwa siku ile ya Bukoba. Uzee. Ila nakuomba usimbane sana Agnetha. Kile kipande anachouza kina balaa."

"Balaa gani?"

"Marehemu alikuwa akichuuza samaki kisiwani Bumbire miaka mingi. Aliacha mtoto kule. Wa kiume. Siku yoyote anakuja kudai cha baba yake. Atakayenunua, amenunua kesi."

Nilitunga pale pale. Mwanaume anayeenda kisiwani mwezi na kurudi wiki, uongo wa namna hiyo hauhitaji fundi.

Upande wa pili, kwa sauti iliyosahau mafuta yake, ukauliza:

"Mtoto gani?"

Jamani. Kampuni ya zawadi inauliza mtoto gani?

"Sijui jina, mwanangu. Na usimwambie mtu, nimekwambia wewe tu."

Nikakata. Agnetha akaingia, akaniuliza nani alipiga. Nikasema wamekosea namba. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili ndani ya dakika tano, na maji ya baraka nilikuwa nimeyachovya asubuhi ile ile.

Jumapili ikafika.

Tulikaa uani kwa Agnetha. Mwenyekiti wa kitongoji na muhuri wake. Mzee Revocatus, mkubwa wa ukoo. Datius amevaa koti. Binti yake Joanitha alikuwa anatugawia rubisi, pombe yetu ya ndizi, maana kwetu mkataba usionyweshewa ni karatasi tu. Joanitha alikaa Dar miaka minane, alirudi kabla ya Krismasi kumpumzisha baba yake, ndivyo tulivyoambiwa.

"Shikamoo bibi," akaniambia, bila kuniangalia. Ile "bibi" niliijua.

"Marahaba. Koo linaendeleaje?"

"Koo langu?"

"Nasikia siku hizi unaongea sana."

Akamimina rubisi nje ya kikombe changu.

Datius akatoa karatasi. Alikuwa ameiandika nyumbani na kuisaini kabisa, mtu wa haraka. Mwenyekiti akavaa miwani, akaanza kusoma. Mipaka. Idadi ya mibuni. Bei. Halafu akakohoa, akarudia mstari mmoja.

"'Aidha, mtoto wa marehemu kaka yangu Rwegasira, aliyezaliwa Bumbire, hatakuwa na dai lolote katika kipande hiki.'"

Mwenyekiti akavua miwani, akamtazama Datius.

"Mtoto gani, Datius?" Mzee Revocatus akauliza.

"Nimeweka tahadhari tu, baba. Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu tu. Kijijini."

Nikasimama.

"Kijijini hakuna anayesema. Hayo maneno nimeyatoa mimi, Alhamisi saa sita, kwa mtu mmoja tu chini ya jua. Dada wa zawadi. Yule wa Dar es Salaam anayesikia rimu ya Ta Kahangwa akiwa Dar es Salaam. Datius, dada wa zawadi amekupigia na wewe? Umeshinda nini?"

"Mama, heshimu kikao!" Datius akafoka.

"Heshima nimeiacha stendi ya Bukoba, nilipomwona shemeji yako anasubiri pikipiki na gomesi ya Pasaka!"

Joanitha akaweka kibuyu chini.

"Baba ndiye aliniambia," akasema. "Alisema shemeji hatauza mpaka abanwe. Namba ni yangu. Jina lake baba alinipa."

Sauti ni ile ile. Sasa ilikuwa kavu.

Datius alimrukia binti yake kwa kofi, Mwenyekiti akamdaka mkono. Tukamtukana Datius mpaka matusi ya Kiswahili yakatuishia, tukahamia Kihaya. Mzee Revocatus akamwaga rubisi ya kikombe chake chini, kuonyesha biashara imekufa.

Kwangu ilikuwa imekwisha. Nimeshinda. Nikamgeukia Agnetha nimshike mkono.

Agnetha hakuwa anamtazama Datius. Hakumtazama Joanitha. Alikuwa ananitazama mimi, na macho yale sijawahi kuyaona kwake.

"Ma Benigna," akasema polepole. "Habari za Masalu ulizipata kwa nani?"

Masalu?

"Mimi sijui Masalu. Nilitunga."

"Mwongo!"

"Agnetha, waitu, ndugu yangu, nilitunga. Nilitaka kumnasa."

"Miaka sita sijamwambia hata padre! Rwegasira aliniapisha akiwa kitandani. Na wewe unaitangaza mbele ya wanywa pombe!"

Nikakaa. Sikukusudia kukaa.

Akayasema yote pale pale, kwa maana hakuwa na cha kuficha tena. Mtoto yupo. Mama yake Msukuma, alishafariki. Kijana ni mvuvi Bumbire, ana miaka thelathini, anampigia Agnetha kila Krismasi kumsalimia, na Agnetha hajui amchukie au ampende. Ile pikipiki alitaka aiuze, amnunulie Masalu injini ya mtumbwi. Abaki ziwani. Asije kusimama uani pake na uso wa Rwegasira.

Hiyo ndiyo shida nisiyoijua. Mimi niliiita tamaa.

Datius alinyoosha mkono achukue karatasi yake. Mzee Revocatus akaiwahi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Iache. Umeandika kwa mkono wako: 'mtoto wa marehemu kaka yangu'. Umesaini. Wewe ndiye ndugu wa karibu. Kama wewe umemtambua, ukoo ni nani umkatae?"

Kwa hiyo Masalu aliitwa.

Alikuja na boti ya wiki iliyofuata, mrefu, mweusi wa jua la ziwani, Kihaya hajui hata cha kuombea maji. Hakuuliza ardhi. Aliuliza kama kuna picha ya baba yake akiwa kijana. Agnetha aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu, akatoka nayo.

Kipande cha juu amekabidhiwa yeye. Analima kwa miezi, anarudi ziwani kwa miezi. Kaburi la baba yake amelijengea. Kwenda polisi, Agnetha alikataa, eti Joanitha ni mtoto wa ukoo. Pesa ya fomu na ya bima haijarudi. Joanitha alirudi mjini. Datius bado anakuja misani, anakaa benchi la mbele, hana aibu hata ya kukaa nyuma.

Na Agnetha hanisalimii.

Mwezi wa saba huu tangu kile kikao. Nikimwona mpakani, anainama kama ameangusha kitu. Njia yetu kati ya milamula imeota majani, na mimi ndiye niliyezoea kuyang'oa.

Sikieni wanangu. Meseji ya zawadi haimkamati mjinga peke yake. Inamkamata mwenye shida asiyoweza kumwambia mtu. Kabla hujamcheka aliyepigwa, muulize anabeba nini. Mimi sikuuliza, nilimwambia futa.

Na wewe unayejiona fundi wa kuwategea matapeli, chagua vizuri uongo wako. Jiwe nililomrushia Datius lilimpata barabara, halafu likapita, likampiga rafiki yangu kifuani.

Paroko akiisoma hii, ajue la Agnetha nitakuja kuungama Jumamosi.

La kumwombea Datius mabaya, bado sijamaliza.