Petroli ya Msumeno wa Kijiji

Mwaka huu nilipanda hadi Mgwashi, kijijini kwetu milimani, kuliangalia shamba la marehemu mama, na asubuhi ya kwanza niliamshwa na kelele ninayoijua. Upande wa pili wa bonde kijana mmoja alikuwa anavuta kamba ya msumeno wa injini, ule wa mnyororo. Uliwaka, ukanguruma vizuri. Alipouinamisha kwenye gogo ukakohoa, ukazimika. Akavuta tena. Ukawaka, ukazimika. Mimi nilikuwa bado kitandani, blanketi mpaka kidevuni, lakini moyo ulinidunda kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Wewe ungesema ni mashine mbovu tu. Mimi ilinirudisha mwaka ambao nyumba yetu ilikosa amani, na kwa kuwa umekaa kunisikiliza, acha nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Kijiji kilikuwa na shamba lake tulilolima kwa zamu, kina duka lake ambalo sabuni ilifika kwa nadra, na kina shule iliyoezekwa kwa majani. Masika yakianza, majani yale yalivuja mpaka mwalimu akatukusanya wote kona moja, darasa la kwanza na la tatu tukibanana kama kuku. Basi kijiji kikaamua kujenga shule ya kudumu. Mawe tuliyabeba watoto na akina mama. Mbao za paa zingetoka kwenye msitu ulio juu ya kijiji chetu, na kazi hiyo ilikuwa ya baba na jirani yetu.

Baba na jirani walikuwa wapasua mbao tangu ujana wao. Walichimba shimo, wakalaza gogo juu yake, baba akasimama juu ya gogo na jirani akashuka shimoni, na ule msumeno mrefu wa mishikio miwili ukapanda na kushuka kati yao. Waliimba huku wakikata, wimbo wa Kishambaa usio na mwisho, na ukungu ulipokuwa mzito tuliwasikia bila kuwaona. Nilipowapelekea chakula cha mchana, viazi vya kuchoma na chumvi kwenye jani la mgomba, jirani alitoka shimoni na kope nyeupe kwa unga wa mbao, akanitisha kwa macho yale mpaka nikacheka. Alimwita baba "mwenzangu". Sikuwahi kumsikia akimwita jina jingine.

Kisha ukaja msumeno wa injini. Ulitoka kwenye shamba moja kubwa la chai ambalo mwenyewe alikuwa ameondoka, akaacha vitu vyake vikigawanywa huku na huku. Rangi ilikuwa imebanduka na mshikio umefungwa waya, lakini kijiji kizima kilitoka kuupokea. Mwenyekiti wa kijiji akamkabidhi baba, kwa sababu zamani baba aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai na alizijua injini kidogo. Watu walipiga makofi. Nakumbuka jirani naye alipiga, taratibu, akiutazama ule msumeno kama mtu anayetazama mgeni aliyekalia kiti chake. Kazi ya watu wawili ilikuwa imekuwa ya mtu mmoja. Tangu siku hiyo jirani akawa mbebaji wa mbao.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Miti ya mkulo, ile minene ya mbao nzuri iliyokuwa ikiwachukua siku nzima, ilianguka kabla chai haijapoa. Halafu msumeno ukaanza vituko. Tangi likiwa limejaa ulikata bila taabu. Yakipungua mafuta, hata yakiwa bado nusu, ulipoteza nguvu katikati ya gogo, na baba akiuinamisha, unazimika. Akiuacha upoe na kuujaza tena, unawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Baba aliurudisha nyumbani kila jioni. Alitandika gunia uani, akaufungua, akanipa bakuli niweke skrubu. Akasugua plagi kwa msasa. Akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyake kimoja kimoja mpaka midomo ikawaka kwa petroli. Akavuta kwa waya lile chujio dogo lililo ndani ya tangi, akaliosha. Asubuhi msumeno ulinguruma, mchana ukazimika. Nguo zake zilinuka petroli hata baada ya mama kuzifua mara mbili, na ugali wetu ukaanza kuwa na harufu hiyo. Bibi, ambaye hakuwahi kuipenda mashine ile, alisema mwenyewe wa zamani ameacha hasira zake humo ndani.

Dereva mmoja wa hospitali kule Bumbuli alimwambia baba kwamba petroli iliyokaa kwenye pipa la nje huingia maji. "Mwaga hiyo, weka mpya," alimwambia. Ushauri haukuwa mbaya. Baba akamwaga, nyuma ya nyumba, kwenye ukingo wa shamba la maharage, nami nikiwa nimesimama pale naziba pua. Akachota nyingine kwenye pipa la kijiji. Msumeno ukazimika. Akamwaga tena, dumu zima, alfajiri. Hakumwambia mtu, nadhani kwa aibu, maana kijiji kilikuwa kimemwamini kwamba anajua.

Lakini petroli wakati ule haikuwa kitu cha kumwaga. Hata Lushoto mjini magari yalikaa bila mafuta. Pipa la kijiji likashuka, na paa la shule bado lilikuwa nguzo tupu. Mvua zilikuwa zinakaribia. Watu wakaanza kuhesabu kwa macho. Mama alipofika mtoni wanawake walinyamaza, kisha wakazungumzia hali ya hewa. Shuleni wenzangu walininusa shingo na kusema, "Petroli hiyo, mnaiuza wapi?" Na neno likaanza kutembea, neno tulilolisikia redioni likisemwa juu ya wakubwa wa mbali: mhujumu.

Mkutano uliitwa alasiri, uwanjani mbele ya ile shule isiyo na paa. Baba alisimama katikati, kofia mkononi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu mwenye neno. Aliyesimama alikuwa jirani.

"Mimi nimemwona ndugu huyu," alisema. "Alfajiri, si mara moja. Anapita nyuma ya nyumba yake na dumu. Anarudi dumu likiwa tupu. Nasema nilichokiona, sina zaidi."

Ndugu huyu. Nilimtazama baba. Hakuutazama umati wala mwenyekiti, alimtazama jirani tu, na midomo yake ikatikisika kama anayetaka kumrekebisha mtu aliyekosea jina.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Bibi alinishika gauni lakini nilikwisha simama. "Shikamooni," nikasema. "Baba aliimwaga. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa mbovu, akaimwaga, na majani yamekauka pale."

Watu wakacheka, si kwa ubaya sana. Mzee mmoja akasema, "Mtoto atamtetea baba yake, angesema nini tena?" Mwingine akasema hata maji ya moto ya kunyonyolea kuku hukausha majani. Nikakaa. Mama alinivuta kichwa mapajani mwake.

Ndipo baba akaomba msumeno uletwe. "Sitajitetea kwa maneno," alisema. "Nitaufungua hapa hapa, mbele yenu. Mkiniona naficha kitu, semeni."

Wakauleta. Baba akatandika shati lake mwenyewe chini, akaanza upya, akitaja kila alichoshika kama mwalimu. Plagi, ile, kavu na safi. Kabureta, ile, vitundu vyake viko wazi. Chujio, lile. Akavuta kutoka ndani ya tangi ule mpira mwembamba unaonyonya mafuta, akaugeuzageuza kwenye mwanga. Haukuonyesha kitu. Akaziba ncha moja kwa kidole, akapuliza nyingine, akasikiliza. Akatikisa kichwa. Jasho lilimdondoka puani ingawa kulikuwa na baridi. Nikajua baba yangu amefika mwisho wa anachokijua.

"Uzamishe majini," sauti ikasema.

Alikuwa jirani. Alikuwa amesogea mbele bila mwenyewe kujua, ameinama juu ya baba kama walivyokuwa wakiinama pamoja juu ya gogo kabla ya kulipasua. "Kama mpira wa baiskeli," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Uzamishe, upulize."

Mama ndiye aliyekimbia kuleta karai la maji. Baba akauzamisha mpira, akapuliza. Karibu na ncha ya juu, pale unapotoka ndani ya tangi kwenda kwenye kabureta, vipovu vidogo vikapanda, vingi, mfululizo. Akaukunja mahali pale na ufa ukafunguka kama mdomo. Tangi likijaa, ufa ulikuwa ndani ya mafuta na msumeno haukudhurika. Mafuta yakishuka chini yake, msumeno ulinyonya hewa.

Baba akakata kipande chenye ufa kwa kisu, akauvuta mpira uliobaki, ukafika kwa shida. Akaufunga kwa waya. Akatia petroli kidogo tu, chini ya nusu, ili wote waone. Akavuta kamba. Msumeno ukawaka. Akauinamisha kulia, akauinamisha kushoto, akaupeleka kwenye gogo lililokuwa benchi la wazee, ukalipita kama ugali. Watoto tulipiga kelele. Mwalimu alirusha kofia juu. Nilidhani yamekwisha.

Mwenyekiti akasubiri kelele zipungue. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa na wakubwa wake wa kumuuliza. Akasema, "Mashine imepona, tunashukuru. Lakini petroli haijarudi."

Wale waliokuwa wakishangilia walitazama miguu yao. Baba alizima injini, akapangusa msumeno kwa shati lake, akauweka mbele ya mwenyekiti. "Mpeni mwingine," akasema, akaondoka kifua wazi kwenye ule ubaridi, na sisi nyuma yake.

Msumeno akapewa kijana mmoja. Paa lilipata mbao zake, mabati yakaja, na masika yale tulisoma bila kulowa. Nilikaa chini ya mbao zile miaka mingi na sikupenda kuinua macho. Kijana naye aliendelea kukata hata baada ya shule kwisha kujengwa, na leo ukisimama kwetu ukatazama juu, pale palipokuwa na msitu wa mkulo pana viazi na kabeji. Baba hakuhudhuria tena mkutano wowote. Alilima, alisali, aliwajibu watu salamu zao, lakini hakumsalimu mtu kwanza.

Jirani alikuja mara moja. Alikaa jikoni kwetu, mama akampa chai, akaishika bila kuinywa. Alisema, "Nilisema nilichokiona." Baba akasema, "Najua." Wakakaa mpaka chai ikapoa. Jirani alipoaga, baba alimsindikiza hadi mlangoni, akarudi, akakaa pale pale, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika.

Kati ya nyumba yetu na ya jirani kulikuwa na kijia. Kiberiti kilikuwa adimu, na moto ukizimika kwetu mama alinituma kwao na kigae, nikarudi nao mbio, makaa yakitoa cheche usoni. Wao pia walikuja kwetu. Baada ya ule mkutano mama alijifunza kufukia makaa kwa majivu ili yafike asubuhi, na yakizimika tulikaa bila uji mpaka kiberiti kipatikane. Hakuna aliyetukataza kwenda. Lakini magugu yaliota kijiani, kisha miti ya miwati, kisha mtu akapanda migomba. Safari hii nilizunguka nyuma ya nyumba nikakitafuta kile kijia. Nilikuwa nakipita usiku na mchana, kwa miguu mitupu, na sikuweza kuonyesha kilianzia wapi.